Miaka Mitatu Haiutoshi Mtama

Nilipokuwa mtoto kijijini, wilaya ya Chamwino, ilikuwapo miaka ambayo mvua ilikatika Februari na mtama ukadumaa kabla haujapita goti. Miaka hiyo bibi hakutuamini watoto na ng'ombe. Alisimama mwenyewe mpakani mwa shamba na fimbo yake, asubuhi mpaka jioni, kwa sababu ng'ombe wenye njaa hawaoni kitu kizuri kuliko mtama mchanga. Alisema mtama wa namna hiyo una ukali, na mnyama akiushiba hafiki zizini. Msimu mmoja jirani yetu alipoteza mitamba wawili kabla jua halijapinda. Tuliwaona wakihema kwa nguvu, miguu ikitetemeka, kisha wakalala chini na hawakuinuka. Hakuna mtu aliyemtafuta mchawi. Kila mtu mzima pale alijua ni mtama.

Jina la ukali ule nilikuja kulijua chuoni: dhurini. Waliolitoa ni wanakemia wawili wa London, Wyndham Dunstan na Thomas Henry, mwaka 1902, baada ya kuchunguza mtama mchanga uliotoka Misri. Walilichukua kutoka neno la Kiarabu, dhura, ambalo maana yake ni mtama huu huu. Nilipolisoma kwenye kitabu nilifunga ukurasa nikakaa kimya kwa muda. Bibi alikuwa hajui kusoma, lakini alijua mambo matatu ambayo kitabu kile kilikuwa kinayaeleza: kwamba mtama mchanga ni hatari kuliko uliokomaa, kwamba ukame huongeza hatari, na kwamba machipukizi yanayotoka kwenye kisiki baada ya mabua kukatwa hayafai kuliwa na mnyama mwenye njaa.

Kitu ambacho bibi hakukijua, na ambacho nadhani angekipenda, ni namna mmea unavyofanya kazi hiyo. Mtama hauhifadhi sianidi, ile sumu yenyewe inayoua, kwa maana ungejiua. Unahifadhi dhurini ndani ya seli za ngozi ya jani, na kimeng'enya cha kuivunja unakiweka katika seli zilizo chini ya ngozi. Jani likiwa zima, viwili hivi havikutani. Ng'ombe anapolitafuna, kuta za seli zinapasuka, kimeng'enya kinaifikia dhurini, na sianidi inatoka ndani ya kinywa na tumbo la mlaji. Ni mtego unaotegwa na kiumbe kisichoweza kukimbia. Swala akiona hatari anaondoka. Mtama uko palepale ulipopandwa, na silaha yake yote ni kemia.

Ndiyo maana naamini kanda ya kati ni mahali pa heshima kwa mtu anayetaka kusoma bayokemia ya mimea. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi saba ya jua kavu. Mimea iliyobaki hapa imebaki kwa sababu inajua kutengeneza vitu. Mbuyu unapukutisha majani na kuendelea kujilisha kidogo kwa rangi ya kijani iliyo chini ya gome lake. Mtama mwekundu unajaza tanini, kemikali yenye ukakasi, kwenye ganda la punje, na kwelea kwelea wakipewa nafasi ya kuchagua huuacha wakaenda kwenye mweupe. Mlenda una utelezi unaoshika maji. Vichaka vya Itigi, upande wa Manyoni, vina mimea ambayo ukitoka nje ya ukanda ule mwembamba wa Tanzania na Zambia huikuti popote duniani.

Sasa tazama nani ameusoma mtama wetu, na kwa muda gani.

Eric Conn, Mmarekani aliyezaliwa 1923, alianza kuchapisha matokeo juu ya dhurini mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa Chuo Kikuu cha California, Davis. Aliotesha miche ya mtama gizani, akaisaga, akafuatilia hatua kwa hatua jinsi mmea unavyochukua amino asidi iitwayo tairosini na kuigeuza dhurini. Hakuiacha kazi hiyo mpaka alipostaafu. Katika miaka ya 1970 alifika maabarani kwake kijana kutoka Denmark, Birger Lindberg Møller, akaichukua kazi akaenda nayo Copenhagen. Huko ikagundulika kwamba safari nzima kutoka tairosini hadi dhurini inabebwa na vimeng'enya vitatu tu. Mwaka 2001 kundi lake lilitangaza kwamba limehamisha njia yote hiyo kwenye mmea mdogo wa majaribio uitwao Arabidopsis, na mdudu aliyezoea kuula akauacha. Mwaka 2012 watafiti wa Australia wakishirikiana na kundi hilo wakatoa taarifa ya mtama usiotengeneza sianidi kabisa.

Hesabu miaka. Kutoka Conn mpaka mtama usio na sianidi ni nusu karne, mkono kwa mkono, mwalimu na mwanafunzi, mmea uleule. California hawasongi ugali wa mtama. Copenhagen mtama hauoti nje. Walikuwa na kitu kimoja ambacho sisi tulio na shamba, tulio na ng'ombe wanaokufa, na tulio na bibi anayejua dalili zote, hatuna: mtu aliyeachwa akae na mmea wake mpaka akauelewa.

Hoja yangu katika makala haya ni hiyo. Kanda ya kati haina upungufu wa vijana wenye akili ya sayansi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007 na kimetoa wahitimu wengi wa botania, kemia na baiolojia. Tuna kituo cha utafiti wa kilimo Hombolo kinachoshughulikia mtama na uwele, tuna Makutupora kwa zabibu, na Mpwapwa utafiti wa mifugo umekuwapo tangu enzi za Wajerumani. Kinachokosekana ni maisha ya kazi yaliyonyooka. Tunazikata kazi za watafiti wetu vipande vya miaka mitatu mitatu, kisha tunashangaa kwa nini hazizai.

Nalisema hili kwa kuwa nimepita humo. Nilipomaliza shahada ya kwanza niliajiriwa kuwa msaidizi katika mradi wa taasisi moja uliokuwa unapima sianidi kwenye majani ya mbegu za asili za mtama. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini na kukata majani ya umri tofauti, kuyaponda, kuyatia kwenye kichupa, kuning'iniza juu yake karatasi ya njano iliyolowekwa kemikali iitwayo pikrati, kufunga kizibo na kusubiri. Karatasi ikigeuka rangi kuelekea wekundu wa udongo, sianidi imetoka, na kadiri inavyokoza ndivyo ilivyo nyingi. Ni kipimo rahisi, hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kukifanya. Mwaka wa kwanza wa mradi uliishia kwenye kusubiri fedha na kibali cha kuagiza kemikali. Mwaka wa pili mvua zilikuwa nzuri mno, mtama ukanyooka, karatasi zetu zikabaki karibu na njano yake. Mwaka wa tatu mvua ilikata Februari, kama ile ya utotoni mwangu. Karatasi zilianza kuiva rangi kwa namna ambayo hatujapata kuiona, na mbegu moja ya asili iliyokuwa imeonekana haina neno ikawapita wenzake wote.

Mwezi wa Juni mradi ulifungwa. Mtafiti mkuu wetu aliandika ripoti, mfadhili akaipokea, gari likarudishwa. Majani tuliyoyahifadhi kwenye friji ya barafu kwa vipimo vya kina yaliharibika miezi michache baadaye, umeme ulipokatika kwa siku kadhaa na fungu la dizeli ya jenereta likiwa limekwisha pamoja na mradi. Mtafiti yule alikwenda kwenye alizeti, kwa sababu mwaka ule fedha zilikuwa kwenye alizeti. Simlaumu. Alikuwa na watoto shuleni, na upandaji wake wa daraja ulihesabiwa kwa idadi ya machapisho. Hakuna aliyeuliza kama swali lake limejibiwa.

Hapa napenda msomaji akae nami kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo. Watu husema miaka mitatu ni muda wa kutosha kwa utafiti wa zao la msimu: unapanda mara tatu, unavuna mara tatu, unalinganisha. Huenda ni kweli mahali ambapo mvua ya mwaka huu inafanana na ya mwaka jana. Dodoma wastani wa mvua ni namba ambayo karibu haionekani shambani. Mwaka mmoja unapata mafuriko yanayofunga barabara ya Bahi, unaofuata mbegu inaungua ardhini. Kemia ya mmea inafuata maji. Dhurini inapanda ukame unapozidi. Mahindi yaliyopata kiu shambani hushambuliwa kwa urahisi zaidi na kuvu. Mtafiti wa misimu mitatu anaweza kumaliza mradi wake wote bila kukutana na mwaka ambao ndio unaowaua ng'ombe. Sisi tuliupata mwaka huo mwishoni, tukauacha ukaondoka. Kwa hiyo ukavu wetu, ambao wengi wanautaja kuwa sababu ya kutaka matokeo ya haraka, ndio unaodai watafiti wakae muda mrefu kuliko wenzao wa Mbeya au Kilimanjaro.

Na zabibu? Mzabibu unaishi miongo. Hapa kwetu hauna majira ya baridi ya kuulaza, hivyo mkulima anauamsha kwa mkasi wa kupogolea na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mmea unaoamshwa mara mbili unatumia akiba yake ya wanga mara mbili, na athari yake kwa shina inajulikana kwa yule aliyelipima shina lilelile mwaka wa 3, wa 8 na wa 15. Mradi wa miaka mitatu unaondoka mzabibu ukiwa ndio kwanza unaanza kuzaa vizuri.

Mfano wa kazi iliyoachwa ikakomaa upo, na matunda yake yamefika mpaka mashambani kwetu. Wakulima wa Dodoma wanakijua kiduha, hasa kile chenye ua jekundu, dogo, la kupendeza, linalochomoza shambani wakati mtama tayari umeshanyauka. Kiduha ni kimelea. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja unatoa maelfu kwa maelfu, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Hazioti kwa mvua peke yake. Zinasubiri mzizi wa mtama upite karibu na kutoa harufu yake.

Harufu hiyo ilianza kujulikana mwaka 1966, wanakemia wa Marekani walipoitenga strigoli kutoka mizizi ya pamba. Kwa karibu miaka 40 swali likabaki wazi: kwa nini mmea utoe kitu kinachomwamsha adui yake? Jibu lilikuja 2005 kutoka Japani, kwa Kohki Akiyama na wenzake. Strigolaktoni, kama zinavyoitwa kwa ujumla, ni wito kwa kuvu wema wanaoishi na mizizi na kuuletea mmea fosforasi. Kiduha kimejifunza kusikiliza mazungumzo yasiyo yake. Udongo ukichoka na fosforasi ikipungua, mtama unaita zaidi, na kiduha kinaamka zaidi. Mzee wa Mvumi anapokuambia kiduha ni ugonjwa wa shamba lililochoka, anasema jambo ambalo maabara ilihitaji miongo minne kulifikia, na kila mmoja wao, mzee na maabara, ameshika nusu ambayo mwenzake hana.

Aliyeibadili kemia hiyo ikawa mbegu ni Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyezaliwa kijijini mwaka 1950. Alimaliza shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 1978, akaenda Sudan ambako alizalisha mtama chotara ulioidhinishwa 1983, kisha akarudi Purdue 1984. Hapo alikutana na Larry Butler, mtaalamu wa bayokemia ambaye jina lake lilikuwa limeshajengeka kwenye tanini za mtama, ile kemia ya kufukuza ndege niliyoitaja juu. Butler alihamia kwenye kiduha, lakini zingatia kwamba hakuuhama mtama. Mmoja alijua mbegu, mwingine alijua molekuli. Wakauliza ni mtama gani unaoita kwa sauti ndogo, wakaupata, wakauzalisha. Mwaka 1994 tani 8 za mbegu za namna hiyo ziligawiwa katika nchi 12 za Afrika. Butler alifariki 1997. Mwaka 2002 Tanzania iliidhinisha mbili kati ya mbegu za Purdue na kuzipa majina ya Kiswahili, Wahi na Hakika. Ejeta akapewa Tuzo ya Chakula Duniani 2009. Na jeni yenyewe inayofanya mtama uite kwa namna isiyosikika na kiduha ilitangazwa 2017: mmea haunyamazi, unatoa aina nyingine ya strigolaktoni, inayofanana na ile ya kwanza lakini yenye umbo tofauti kidogo, na kiduha hakiielewi vizuri.

Kuanzia 1984 mpaka 2017 ni miaka 33. Ungeukata mwaka wa tatu ungepata ripoti nzuri, yenye picha za maua mekundu.

Wahi na Hakika hazikutembea zenyewe kutoka Marekani hadi shamba la mkulima wa Tanzania. Kati yake alikuwapo Dk. A. M. Mbwaga wa kituo cha Ilonga, Kilosa, ambaye kwa wanaofuatilia mambo ya kiduha nchini jina lake na la mmea huo hutajwa pamoja. Alizijaribu mbegu zile mashambani mwa wakulima, pamoja na samadi na palizi ya wakati. Mtu wa aina hiyo ni hazina. Nimekutana na maofisa ugani vijana wanaopendekeza mbegu hizi bila kujua kuna Mtanzania aliyezifanyia kazi, na linaniuma, kwa sababu kijana asiyeona mfano wa mtu wa kwao aliyezeeka na mmea mmoja hataamini kwamba hayo ni maisha anayoweza kuyachagua.

Tumeshaonja pia kinyume chake. Kongwa, mwendo usiofika saa mbili kutoka mjini, Waingereza walikuja na mpango wa karanga baada ya Vita vya Pili. Ujumbe wa watu watatu ulizunguka Afrika Mashariki na Kati kwa wiki 9 mwaka 1946, ukapendekeza ekari milioni 3.21. Matrekta yalikwama kwenye mibuyu na vichaka, udongo mwekundu wenye chembe za mawe ukayala majembe ya chuma, kisha mvua zilipokata ukagandamana na karanga ndani yake. Mwaka 1951 mpango ulifutwa na hasara ya takribani pauni milioni 36. Wakati wiki zile 9 zinahesabiwa, wakulima wa Kigogo walikuwa wameshaishi na udongo ule vizazi na vizazi.

Naambiwa mara nyingi kwamba nchi yenye mahitaji mengi haiwezi kumlea mtu miaka 30 kwa ajili ya mmea mmoja, na kwamba mkulima anataka jibu msimu huu. Hoja hiyo naiheshimu, hasa ikitoka kwa mkulima. Lakini kumbuka 2016. Kati ya Mei na Novemba mwaka ule watu 68 waliugua kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, 20 wakafariki, wengi wakiwa wamekula mahindi ya shambani kwao. Siku ya msiba hakuna utafiti unaoanza ukafaa. Kinachofaa siku hiyo ni mtu ambaye tayari anaijua kuvu ya ukanda huu, anajua mahindi ya vijiji gani yalipata kiu mwaka huo, na anajua vihenge vya watu vinajengwaje. Mtu huyo haagizwi. Anakuzwa miaka mingi kabla, wakati ambapo kazi yake inaonekana haina haraka.

Gharama nayo imeeleweka vibaya. Karatasi za pikrati ni za bei ndogo. Kipande cha shamba Hombolo kipo. Kinachokula fedha ni kuanza upya: kununua tena vifaa vilivyoharibika, kufundisha tena wasaidizi, kuwatafuta tena wakulima ambao mara ya pili hawakupokei kwa imani ile ya kwanza. Sikatai tathmini. Kuna watafiti waliolala vituoni na kuamka siku ya mshahara, na kila miaka mitano wenzao wa fani wawapime kwa ukali. Lakini anayepimwa akaonekana anakwenda, aongezewe mitano mingine kwenye mmea uleule, bila kulazimika kuandika kwamba anaanza jambo jipya.

Hatari nyingine imekuja na makao makuu. Tangu Serikali ihamie Dodoma kwa dhati, kuanzia 2016, ofisi ziko jirani na vituo. Ni jambo jema kwa mji, na kwa watafiti limeleta mvuto mgumu kuushinda. Mtafiti mwandamizi aliyefika umri wa miaka 45, aliyejua mmea wake kiasi cha kuutambua gizani kwa kuugusa, ndiye anayeonekana anafaa ukaimu, kamati, kisha kiti. Anapewa gari na meza. Tunampongeza, na siku hiyo shamba lake la majaribio linakuwa yatima. Natamani muundo wetu wa utumishi umruhusu mtu kupanda mpaka juu kabisa, kwa mshahara na kwa heshima, huku mikono yake ikibaki na udongo.

Na tusiwasahau wanaojua majina. Kemia yote inaanza na mtu anayeweza kusema jani hili ni la mmea gani. Kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, kinachoorodhesha spishi zaidi ya 12,000, kilikamilika 2012 baada ya kazi ya miaka 60 hivi. Ndani yake yamo majani yaliyokusanywa na watu waliotembea kwa miguu. B. D. Burtt alizunguka katikati ya Tanganyika miaka ya 1920 na 1930 akichunguza mimea ya nchi ya mbung'o, mpaka alipokufa katika ajali ya ndege 1938, na kichaka kimoja cha Itigi, Burttia, kimebeba jina lake. Leonard Mwasumbi aliitunza hifadhi ya mimea iliyokaushwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi, na mwaka 2009 jenasi mpya ya miti ya Tanzania iliitwa Mwasumbia. Mayunga Nkunya, pale pale Dar es Salaam, alitumia miaka yake ya maabara kutenga kemikali kutoka mimea ya jenasi Uvaria na kuzipima dhidi ya malaria. Kazi ya namna yake haiwezekani bila mtu wa namna ya Mwasumbi.

Kanda ya kati inawahitaji wote wawili, na hapa kuna kazi ya maisha kwa yeyote atakayeitaka. Chukua mlenda peke yake. Akina mama wa Kigogo wanaukausha, wanautwanga, wanaupika na magadi. Magadi yanaulinda ukijani, kwa kuwa klorofili hupoteza magnesi yake kwenye asidi na kugeuka rangi ya zeituni; papo hapo magadi yanaharibu vitamini C. Jua kali linapunguza kile ambacho mwili hukigeuza vitamini A, kivuli kinapunguza hasara hiyo. Ni mlenda gani kati ya mimea yote tunayoiita mlenda unaovumilia zaidi? Ukaushwe siku ngapi, juu ya jamvi au juu ya paa la tembe? Magadi kiasi gani? Mtu mmoja, akikaa miaka 20 akipima jikoni kwa jikoni, angebadili chakula cha mkoa mzima.

Mwaka jana nilipita kwenye kijiji kimoja nilikokuwa nakata majani enzi za mradi wetu. Mama mwenye shamba alinitambua, akanikaribisha chini ya mkungugu, akaniuliza majani yake yalisemaje. Nikamweleza habari ya friji na umeme, nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba mbegu ile ya Lugugu aliyokuwa anaisifu ilitushangaza mwaka wa ukame na kwamba sijui ilikuwa bahati mbaya ya mwaka mmoja au ndiyo tabia yake. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniambia mwezi uliopita alikuja mtafiti mwingine, binti mpole, naye anauliza habari za mtama, naye ameweka vibao vyake shambani.

"Huyu anakaa mpaka lini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeshakutana na yule binti mjini, kwa hiyo nilijua. Nikamwambia mpaka Juni.

"Juni hii?"

"Ndiyo, mama. Juni hii."